Utando wa kusafisha haidrojeni ya bakteria: kuuchagua, kuumimina na kuupima

Gesi inayotoka kwenye tangi la bakteria wanaochachusha molasi, maji ya mihogo au mabaki ya chakula gizani si haidrojeni tupu. Haidrojeni huwa asilimia 40 hadi 60, na karibu sehemu yote iliyobaki ni kabonidioksaidi (CO₂). Halafu kuna mvuke wa maji, haidrojeni salfaidi (H₂S) kidogo, na mambo yakiharibika, methani na naitrojeni. Gesi yote hiyo inatoka kwa presha ya hewa ya kawaida, ikiwa na joto la 35 °C, au 55 °C na zaidi kwa bakteria wapenda joto.

Utando, yaani tabaka jembamba linalopitisha gesi moja haraka kuliko nyingine, unachaguliwa kwa kuangalia mambo matatu: CO₂ nyingi, presha ndogo na unyevu. Maelekezo mengi ya tando za haidrojeni yalitungwa kwa ajili ya viwanda vya mbolea na vya kusafishia mafuta, ambako haidrojeni inatenganishwa na naitrojeni au methani kwa presha ya makumi ya bar. Ukiyafuata kama yalivyo utanunua utando mzuri kwa kazi nyingine, na tangi lako halitapata faida yoyote.

Polisulfoni na poliimidi haziwezi kazi hii peke yake

Polima (plastiki) ngumu kama polisulfoni na poliimidi huchuja hasa kwa ukubwa wa molekuli. Haidrojeni ina kipenyo cha nanomita 0.289, CO₂ 0.33, naitrojeni 0.364 na methani 0.38. Haidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote, lakini ona jinsi CO₂ inavyoifuata kwa karibu. Upenyezaji hupimwa kwa kipimo kiitwacho barrer. Polisulfoni hupitisha haidrojeni kwa barrer 14 hivi, CO₂ 5.6 na naitrojeni 0.25. Dhidi ya naitrojeni, uteuzi wake (yaani mara ngapi gesi moja huizidi nyingine kupenya) ni 56, na hiyo ni kazi safi kabisa. Dhidi ya CO₂ uteuzi ni 2.5 tu.

Tuweke hesabu. Gesi nusu kwa nusu inaingia kwa bar 4, na upande wa pili wa utando una bar 1. Gesi ya kwanza kabisa kupenya polisulfoni, yaani ile iliyo bora kuliko yote, itakuwa na haidrojeni asilimia 67. Kila inayofuata ni chafu zaidi. Tena haidrojeni hiyo imetokea upande wa presha ndogo, kwa hiyo itabidi uigandamize upya.

Polima laini za jamii ya mpira hufanya kinyume. Hizi hazijali sana ukubwa wa molekuli. Zinaangalia gesi ipi inayeyuka ndani yake kwa urahisi. CO₂ huwa kimiminika kwa presha ya kutosha ilimradi joto liwe chini ya 31 °C, na gesi ya namna hiyo huyeyuka vizuri ndani ya polima. Haidrojeni ni lazima ishushwe chini ya −240 °C ndipo iweze kuwa kimiminika, hivyo haiyeyuki sana. Kwa sababu hiyo CO₂ inapita na haidrojeni inabaki upande wa presha, ambako ndiko unakoitaka.

Silikoni ya kawaida (PDMS) hupitisha CO₂ kwa barrer 3,800 hivi na haidrojeni 890, yaani uteuzi wa 4 na kitu. Ni ya haraka sana ila si makini. Polima zenye mnyororo wa etilini oksaidi zina umakini zaidi. Pebax 1657, ambayo ni asilimia 60 polietilini oksaidi na asilimia 40 nailoni 6, hupitisha CO₂ kwa barrer 80 hivi na haidrojeni kama 8: uteuzi wa karibu 10. Sehemu ya nailoni ndiyo inayoupa utando nguvu ya kushikika, na sehemu ya etilini oksaidi ndiyo inayoipenda CO₂. Kwa anayeanza, hii ndiyo tunayoishauri bila kusita: inauzwa kama chembe za plastiki, inayeyuka kwa ethanoli na maji, na haihitaji tanuri.

Zipo pia tando zenye amini, kama polivinilamini, ambazo huibeba CO₂ kwa njia ya kemia. Uteuzi wake ni mkubwa na zinahitaji unyevu ili zifanye kazi, kwa hiyo zinaelewana na gesi ya tangi. Lakini kuzitengeneza ni kazi ya maabara iliyozoea mambo hayo.

Zuia naitrojeni na methani kabla hazijaingia

Utando unaotoa CO₂ hauwezi kukuondolea naitrojeni. Naitrojeni hupita polepole kuliko hata haidrojeni, kwa hiyo inabaki na kukusanyika ndani ya gesi unayoitaka. Methani nayo hubaki kwa kiasi kikubwa. Tatizo hili hutatuliwa kwenye tangi.

Maabara nyingi hupuliza naitrojeni ndani ya tangi ili kupunguza presha ya haidrojeni juu ya mchanganyiko, kwa kuwa haidrojeni ikirundikana huwazuia bakteria kuendelea kuizalisha. Kwa mtu anayepima bakteria peke yake si kosa. Kwa anayetaka haidrojeni safi, ni kujifungia mlango. Tumia CO₂ kwa kazi hiyo hiyo, au rudisha tangini sehemu ya gesi iliyopenya utando, maana nyingi yake ni CO₂. Naitrojeni itumike mara moja tu mwanzoni kufukuza hewa, halafu CO₂ imalizie kuifukuza hiyo naitrojeni.

Kwa methani, chemsha mbegu ya bakteria (tope la mtambo wa biogesi au la maji taka) kwa 90–100 °C kwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kuitia tangini. Vijidudu vya methani hufa, na Clostridium, bakteria wanaozalisha haidrojeni, hubaki hai kwa sababu hutengeneza mbegu sugu. Kisha weka pH kati ya 5 na 6.

Halafu kuna mipira ya silikoni, ile laini myeupe inayopendwa na kila maabara. Usiitumie kupitishia gesi. Ile ile silikoni inayopitisha haidrojeni kwa barrer 890 ndiyo iliyotengenezea mpira wako: mita mbili za mpira huo ni utando wa bure unaotoa haidrojeni nje na kuingiza hewa ndani. Tumia neli ya chuma cha pua au nailoni ngumu.

Kuandaa gesi

Kwa 35 °C, gesi ya tangi ina mvuke wa maji asilimia 5.5 hivi, kwa 55 °C ni zaidi ya 15. Inabeba pia povu, na ukungu wa asidi za asetiki na butiriki. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza chupa tupu ya kunasa povu, yenye ujazo usiopungua moja ya kumi ya tangi. Pili, chombo cha kuondoa H₂S. Tatu, kompresa, kipoza, na chujio la kunasa matone. Mwisho, kipasha joto kidogo kabla ya utando.

Chombo cha H₂S kinaweza kuwa bomba lililojazwa sufi ya chuma iliyoachwa ishike kutu vizuri. Kutu hiyo inahitaji unyevu ili ifanye kazi, ndiyo maana inatangulia kipoza. Baada yake weka karatasi ya asetati ya risasi. Ikianza kuwa nyeusi, badilisha sufi. Ukiitoa sufi iliyotumika, imwagie maji hapo hapo na uiweke nje. Salfaidi ya chuma ikikauka hewani hupata moto yenyewe, na wapo waliounguza ndoo ya taka kwa kutolijua hilo.

Kompresa iwe ya diaframu, isiyotumia mafuta, iliyotengenezwa kwa gesi zinazowaka. Kompresa ya tairi au ya friji haifai kabisa: inavuja, inatia mafuta, na mota yake hutoa cheche. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, cheche ya milijuli 0.02 tu inaitosha, na mwali wake hauonekani mchana. Weka matundu ya hewa juu kabisa ya chumba, kwa sababu gesi hii hupanda.

Ukigandamiza hadi bar 4 kisha ukapoza hadi 10 °C, maji yanabaki asilimia 0.3. Ipashe tena hadi 30 °C na unyevu wake utakuwa kama asilimia 29, kiwango ambacho Pebax inakivumilia vizuri. Usiruke kipashio. Tone moja la maji likitua juu ya utando, eneo hilo huvimba, na likikauka huacha mkunjo unaoweza kupasuka.

Kumimina utando wa majaribio

Anza na utando mnene, wa maikromita 50. Hauna faida ya uzalishaji, ila utakufundisha kama polima yako na vipimo vyako viko sawa.

Changanya ethanoli gramu 70 na maji yaliyotoneshwa gramu 30. Weka chembe za Pebax 1657 gramu 3.1 kwenye chupa yenye kipoza mvuke juu yake, ili ethanoli isipungue. Pasha kwa 80 °C, ukikoroga kwa sumaku, kwa saa 2 au hadi usione chembe hata moja ukiinyanyua chupa kwenye mwanga. Ethanoli inashika moto, kwa hiyo tumia sahani ya umeme au bafu ya maji, kamwe si mwali wazi. Chuja kwa kitambaa laini cha chuma cha pua, kisha iache imefunikwa ikiwa vuguvugu kwa saa moja ili mapovu yapande. Ikianza kuganda kama uji, ipashe tena, haijaharibika.

Chukua sahani ya tefloni yenye kipenyo cha sentimita 9. Eneo lake ni cm² 63.6. Kwa unene wa maikromita 50 na msongamano wa gramu 1.14 kwa sentimita ya ujazo, unahitaji polima gramu 0.36, yaani mchanganyiko gramu 12.1. Pima kwa mizani, si kwa macho. Sahani ikae juu ya meza iliyonyooshwa kwa pima maji. Meza ikiinama kidogo tu, upande mmoja utakuwa maikromita 30 na mwingine 70, na hesabu zako zote zitakuwa za uongo. Funika kwa faneli iliyogeuzwa ili kukausha kusiende mbio. Baada ya saa 24 bandua polepole, kisha weka kwenye oveni ya vakyumu kwa 40 °C usiku mzima.

Utando mzuri una rangi ya maziwa kidogo, unaovutika, hauna alama ya mviringo. Mviringo mweupe pembeni unaonyesha ulikauka haraka mno. Vitone vinavyong'aa ni mapovu, na kila povu unaweza kulihesabu kama tundu. Pima unene sehemu 9 kwa maikromita ya screw. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, mimina mwingine.

Kupima

Kata duara la kipenyo cha sentimita 4, liweke kwenye kishikio cha chuma juu ya sahani yenye matundu madogo, na oringi juu yake. Kaza skrubu kwa kuvuka, kama unavyokaza nati za tairi. Anza na naitrojeni, fuata haidrojeni, malizia na CO₂. Naitrojeni inatangulia kwa sababu ikivuja haina hatari, na CO₂ iko mwisho kwa sababu huvimbisha polima.

Tofauti ya presha ikiwa bar 2, utando wa maikromita 50 utapitisha CO₂ sentimita za ujazo 0.18 hivi kwa dakika. Ni kidogo sana, hivyo mita ya povu la sabuni (neli yenye alama ambamo gesi husukuma povu) itengenezwe kwa pipeti ya mililita 1. Haidrojeni itasogeza povu mililita 0.1 kwa dakika tano na zaidi, kwa hiyo uwe na subira. Kwa CO₂, acha gesi ipite kwenye mita dakika kadhaa kabla ya kusoma, kwa sababu maji ya sabuni hunywa CO₂ hadi yashibe.

Usomaji lazima urekebishwe kutoka joto na presha ya mahali ulipo hadi 0 °C na presha ya usawa wa bahari. Dar es Salaam, kwa 30 °C, zidisha kwa 0.90. Nairobi, ambako presha ya hewa ni karibu kPa 83, kwa 25 °C zidisha kwa 0.75. Anayesahau hili Nairobi atatangaza utando wa haraka kuliko ulivyo kwa theluthi nzima.

Jaribio la matundu liko kwenye uwiano. CO₂ ipite kama mara 50 ya naitrojeni, na mara 9 au 10 ya haidrojeni. Ikiwa CO₂ na naitrojeni zinalingana, gesi inapita kwenye tundu. Hapa kuna mtego kwa wanaotumia polisulfoni: kwenye matundu madogo sana haidrojeni huizidi CO₂ mara 4.7 kwa wepesi wake tu. Kwa hiyo utando wa polisulfoni unaoonyesha uteuzi wa 4 si utando bora kuliko vitabu, umetoboka. Hukumu kwa naitrojeni daima.

Tundu dogo linazibika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Monsanto ya Marekani ilifanikisha tando za nyuzi za polisulfoni kwa kuzipaka tabaka jembamba la silikoni, ambalo liliziba vitundu bila kuzuia gesi sana. Njia hiyo inafaa hadi leo: silikoni ya sehemu mbili, asilimia 3 ndani ya heptani, paka mara moja, acha ikauke, pasha 60 °C kwa saa kadhaa.

Utando mwembamba wa kazi

Ukiridhika na majaribio, hamia kwenye tabaka la maikromita 1 juu ya utando wa kuchujia wa poliakrilonitraili. Loweka utando huo kwenye maji saa moja ili matundu yake yajae, futa maji ya juu kwa karatasi, kisha paka Pebax ya asilimia 1 kwa fimbo inayoacha unyevu wa maikromita 130. Ikikauka itabaki maikromita 1. Usipoloweka, polima itazama ndani ya matundu na upenyezaji utaanguka vibaya. Malizia kwa ile silikoni.

Tuchukue tangi la lita 10 linalotoa gesi lita 20 kwa siku, nusu kwa nusu, na lengo ni haidrojeni asilimia 90. Kwa bar 4 kuingia na bar 1 kutoka, utando wa maikromita 1 unahitaji eneo la cm² 40 hivi; ule wa maikromita 50 ungetaka cm² 2,000. Weka mara mbili ya hesabu, kwa kuwa tabaka la chini nalo huzuia kidogo.

Sasa angalia hasara. Mwanzoni mwa utando, gesi inayopenya ina CO₂ asilimia 86, vizuri sana. Mwishoni, ambako CO₂ imebaki asilimia 10 tu, gesi inayopenya ni haidrojeni asilimia 71! CO₂ imekosa presha ya kuisukuma, na haidrojeni ndiyo inayotoka. Kwa jumla unaokoa haidrojeni asilimia 53 hivi ya iliyoingia. Weka pampu ya vakyumu upande wa pili, ushushe presha hadi bar 0.1, na kwa utando ule ule utaokoa asilimia 77 hivi. Kabla hujatafuta polima ya ajabu, rekebisha uwiano wa presha. Ndipo faida kubwa ilipo.

Pampu hiyo inavuta haidrojeni, hivyo iwe ya kazi hiyo, na bomba lake la kutolea lifike nje juu ya paa. Weka mtego wa baridi mbele yake, maana maji nayo yanapenya Pebax kwa wingi pamoja na CO₂. Kila asubuhi funga valvu ukiangalia geji ya vakyumu: ikipanda haraka, hewa inaingia, na hewa pamoja na haidrojeni ndani ya pampu ni hatari kubwa. Zima, tafuta mvujo.

Usafi wa gesi upime kwa kromatografu ya gesi (chombo kinachotenganisha gesi na kupima kila moja) yenye kihisi cha upitishaji joto, na gesi ya kubebea iwe argoni. Ukitumia heliamu, haidrojeni karibu haitaonekana, kwa sababu zinapitisha joto karibu sawa.

Ukihitaji usafi wa seli za mafuta

Haidrojeni ya asilimia 90 inafaa kwa jiko na injini. Seli za mafuta za magari, zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme, zinataka asilimia 99.97, na polima hatua moja haifiki huko. Baada ya Pebax weka utando wa aloi ya paladiamu na fedha, fedha ikiwa asilimia 23. Haidrojeni hugawanyika kuwa atomi, hupita ndani ya metali, hukutana tena upande wa pili. Gesi nyingine hazina njia. Iendeshe kati ya 300 na 500 °C. Usiruhusu haidrojeni ibaki ndani wakati wa kupoza, kwa sababu paladiamu huvimba inapoinywa kwenye joto la chini na hupasuka: pitisha kwanza naitrojeni au argoni hadi haidrojeni yote itoke, ndipo uzime tanuri. H₂S kidogo tu huharibu uso wa paladiamu, kwa hiyo kabla yake weka oksaidi ya zinki, na ile karatasi ya asetati ya risasi iangaliwe kila siku.